Kompyuta ya Kalamu na Mpaka wa Bibi Felista

Siku ya kuniaga walisoma vyeo vyangu vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka mke wangu akasinzia. Hakuna aliyetaja kompyuta. Nilikaa pale mbele na shada la maua shingoni nikisubiri, maana kama kuna jambo moja ambalo ningependa nikumbukwe nalo katika miaka yangu ya upimaji ardhi Morogoro, ni ile kompyuta inayokunjika, ile yenye kalamu, ambayo nusu ya ofisi mlisema ni mchezo wa mzee anayekaribia kustaafu. Neema, fundi sanifu wetu wa ramani, alipoona nimenuna akaninong'oneza, "Mzee, si uandike mwenyewe?" Basi naandika. Mnaobaki someni, na siku mkipewa nafasi ya kuchagua kifaa cha kazi, msichague kama mnavyochagua simu.

Mimi ni mtu wa Njombe. Nilifika Morogoro kijana, na sanduku la bati na barua ya ajira, nikaelekezwa chumba cha kuchorea ramani. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Kondo, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, kisha akaniuliza swali lake la kwanza: "Umenawa mikono?" Nilidhani anakaribisha chakula. Kumbe karatasi ya kufuatishia, ile nyembamba inayopitisha mwanga, haipendi jasho. Nilikwenda kunawa, nikarudi, akaniambia ninawe tena.

Kwa wiki tatu nilichora mistari kwa penseli tu. Nilipokabidhiwa kalamu ya wino nilijiona nimefika mbinguni, na siku hiyohiyo nikakosea. Kosa la wino tulilikwangua kwa wembe, taratibu, halafu tukasugua kwa ukucha ili karatasi ilainike. Nilikwangua vizuri, nikapeleka kazi. Mzee Kondo aliinua karatasi mbele ya dirisha, akaitazama kwenye mwanga, akaweka kidole. "Hapa umekwangua. Na hapa." Hakugomba. Alisema tu, "Wino hauna haraka, mwanangu. Mwenye haraka ni wewe." Tangu siku ile sijawahi kumaliza kazi bila kuiinua kwenye mwanga, na bado nafanya hivyo hata nikipewa risiti ya sukari.

Msinifikirie kuwa nilikuwa mpenzi wa vitu vya zamani. Cheni ya kupimia niliibeba, ikanichubua bega, na utepe ulipokuja niliiaga cheni bila chozi. Vifaa vya setilaiti vilipofika, mimi nilikuwa wa kwanza kuvipeleka mlimani, nikawa wa kwanza pia kukuta kwamba chini ya miti mikubwa ya Uluguru vinapoteza akili. Kila kifaa nilikipa haki yake. Lakini kila kifaa pia kilikuwa na tabia ileile ya kukaa mkononi mwangu, si mkononi mwa mwenye shamba. Kwa hilo nililipa, na aliyelipa zaidi yangu ni mwanamke mmoja aitwaye Felista.

Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo. Nilitumwa kijiji kimoja juu ya Mkuyuni, unapanda kwa miguu kutoka barabarani mpaka magoti yanakuuliza unakwenda wapi. Kazi ilikuwa kuchora ramani ya mashamba. Utaratibu ulikuwa rahisi: uliza mwenye shamba, tembea naye mpakani, piga vipimo, chora. Nilipofika shamba lile nikauliza, "Mwenye shamba ni nani?" Mwanamume mmoja akasogea. Alikuwa mpole, mume wa Felista, akanikaribisha kwa heshima zote. Mvua ilikuwa inaanza. Tulitoka kwenye jiwe kubwa la juu, na badala ya kushuka na ukingo wa kijito, ambako kunateleza, akanyoosha mkono moja kwa moja mpaka kwenye mti wa mgude ulioko chini. "Mpaka unakwenda hivi," akasema.

Nyuma yetu Felista alikuwa anakuja na mtoto mgongoni. Alipaza sauti: "Siyo hapo, baba! Mpaka unapita huku chini, unafuata masale!" Masale ni ile mimea ya majani marefu ambayo watu hupanda kuwekea mipaka. Mimi, Mungu anisamehe, niligeuka nikamwambia, "Mama, tuache tufanye kazi." Nikachora mstari ulionyooka.

Kosa lile asingelifanya Mluguru. Kule ardhi inafuata ukoo wa mama, wenyewe wanauita lukolo. Mume anaweza kuhamia kwa mkewe, akalima, akazeekea pale, lakini shamba si lake, na mpaka haujui sana. Anayeujua ni mwanamke, kwa sababu alipokuwa binti mama yake alimshika mkono akamtembeza mpakani, akimwonyesha sale kwa sale. Yule mume hakunidanganya. Niliuliza swali la Njombe, ambako shamba ni la mume, milimani Uluguru, naye kwa adabu akanijibu badala ya kuniaibisha. Kuuliza si ujinga, wanasema, ila kuna kuuliza kwa kijinga.

Mstari wangu uliikata bondeni sehemu yenye chemchemi, pale udongo haukauki hata kiangazi, na kuiweka upande wa jirani. Ukubwa wake si wa kutisha. Lakini ndiyo iliyokuwa inaota karoti na kabichi wakati kila mahali pamekauka, na Felista alizitegemea karoti hizo kwa ada za watoto. Wazee walipokuwa hai hakuna aliyejali ramani yangu. Kila mtu alilima kwa kufuata masale. Miaka ikapita, wazee wakafa, na upande wa jirani wakainuka vijana ambao siku moja walikwenda kutafuta nakala ya ramani. Wakarudi nayo kijijini wakasema, "Serikali imeandika." Wakang'oa masale manne, wakalima mpaka kwenye chemchemi.

Felista alikuja ofisini. Nilimkumbuka mara moja, yeye alinikumbuka kabla sijafungua mdomo. Alisema, "Bwana mpima, nilikwambia." Ningependelea anitukane.

Nilijaribu kurekebisha mara mbili. Mara zote tulikaa na pande mbili, tukatandaza karatasi mezani, na mara zote tukaishia kwenye kelele. Mtu anayelijua shamba lake hata akiwa amefumba macho, ukimpa ramani ya mistari anaishika juu chini. Anaeleza kwa mdomo, mimi nachora, mwenzake anasema nimechora nilichotaka, na kusema kweli hakukosea sana. Mkono ulikuwa wangu. Bila pande mbili kukubaliana na kutia sahihi, mstari wa zamani ulibaki ndio mstari.

Kisha, nikiwa nimebakiza miezi michache kustaafu, ikaja kazi ya hati za kimila kwa vijiji vile vya juu, na kijiji cha Felista kilikuwamo. Hati zikitoka na mstari wangu, chemchemi imekwenda, kwake na kwa binti zake, kwa karatasi yenye muhuri. Ndiyo maana ofisi ilipotangaza kwamba tutanunua kompyuta za kazi za nje, mimi mzee niliyekuwa nikijificha kila wakiunda kamati, niliinua mkono.

Tulikuwa watatu: mimi, Neema, na afisa ugavi wetu, Bwana Msigwa. Msigwa alitaka kompyuta za kawaida zenye nafasi kubwa ya kuhifadhi. "Mzee Mgaya, kompyuta ni kompyuta," akaniambia. Nikamjibu kwamba na panga ni panga, lakini kinyozi halitumii. Neema alitaka vishikwambi vya kugusa kwa kidole. Hoja yake ilikuwa nzuri: vyepesi, na kila mtu siku hizi anajua kutelezesha kidole. "Kalamu ya nini, Mzee? Itapotea siku ya kwanza." Mimi nilitaka kompyuta mpakato kamili, yenye kubeba programu zetu za ramani, lakini inayokunjika skrini ikageukia nyuma ya kibao cha herufi na kuwa kama kibao cha shule, na yenye kalamu ya kuchorea juu ya skrini. Nilitaka mwenye shamba achore mwenyewe.

Hatukuelewana, kwa hiyo nikafanya kitu ambacho Msigwa hakukiona kwenye kanuni zake. Tulipokwenda duka moja njia ya Msamvu kujaribu vifaa, nilipitia sokoni nikamchukua Mama Salome, anayeniuzia karoti, mwanamke wa milimani aliyeshika jembe tangu utotoni. Nikamwachia binti mmoja meza yake, nikamwambia Mama Salome anakwenda kunisaidia kununua kompyuta. Alicheka mpaka dukani.

Neema akampa kishikwambi. "Mama, gusa hapa." Akagusa. Kimya. "Bonyeza kidogo." Akabonyeza. Kimya. Muuzaji akafuta skrini kwa kitambaa, akasema, "Jaribu tena, mama." Mama Salome akajaribu kidole cha shahada, cha kati, gumba. Skrini ilimtazama tu. Akageuka akaniuliza kwa sauti iliyosikika duka zima, "Kwani mimi mzimu?"

Vidole vya jembe vina ngozi ngumu na kavu, na skrini nyingi hazivisikii. Sisi wa ofisini hatujui hilo kwa sababu vidole vyetu ni laini kama maandazi. Nikampa kalamu. Aliishika kwa woga, akaiweka juu ya skrini, na mstari ukatoka pale pale. Akachora karoti. Halafu akaiongezea majani, akarudi nyuma hatua moja kuitazama. Neema akanigusa kiwiko akasema, "Mzee, nimesalimu amri." Ni msomi wa kweli yule binti, akishindwa anasema.

Lakini kalamu peke yake haitoshi, na hapa ndipo vijana mnaponunua kwa macho. Ya kwanza kuipenda ilikuwa nyembamba, inang'aa. Niliibeba mpaka nje kwenye jua la saa sita, muuzaji akinifuata mbio akidhani nimeiba. Kwenye jua niliona uso wangu tu, na uso wangu si ramani. Ya pili ilionekana vizuri nje, ila ukilaza kiganja kwenye skrini wakati wa kuchora, kama anavyofanya kila mtu aliyefundishwa kuandika, kiganja nacho kinachora. Ramani ikajaa mikwaruzo. Ya tatu tuliletewa na kalamu ya aina nyingine. Zilifanana rangi, lakini hazikusikilizana hata kidogo. Ya nne niliikunja na kuikunjua mara hamsini huku Msigwa akihesabu kwa kuchoka, na kwenye ya thelathini bawaba ikaanza kulia kama mlango wa choo.

Tuliyoichagua mnaijua, bado iko ofisini. Si nzuri kwa sura. Ina skrini isiyong'aa, bawaba mbili nene, kiganja inakipuuza, kalamu yake haihitaji betri wala chaji, na ina kitundu cha kuichomeka pembeni. Ukiigeuza kalamu, kichwa chake ni kifutio. Inapata chaji kwenye pawabenki. Kwa kuwa Neema alisema kalamu itapotea, niliifunga uzi wa viatu. Msigwa alipotia sahihi alisema kwa huzuni, "Kompyuta yenye kamba, kama mbuzi." Mpaka leo kalamu haijapotea, na Neema ameacha kulizungumzia suala hilo.

Tukapanda. Bodaboda mpaka barabara inapokata tamaa, halafu miguu. Neema alikuwa amerusha droni wiki iliyotangulia, akawa na picha ya bonde zima kutoka juu, na juu ya picha ile ameweka ramani yangu ya zamani, mstari wangu ukiwa mweusi. Kuuona pale ulivyonyooka, juu ya migomba na majaruba, kulinifedhehesha vibaya. Hata mtoto angejua hakuna mpaka wa watu wenye akili unaopita hivyo.

Tulikutana kwenye chemchemi yenyewe. Alikuwepo mwenyekiti wa kijiji, wazee wa pande zote, Bibi Felista aliyekwishakuwa na mvi, mjane, na binti zake wawili nyuma yake. Upande wa pili alikuwa Mzee Gervas, mjomba mkubwa wa ukoo wa jirani, katekista mstaafu, na wapwa zake watatu, hao waliong'oa masale. Gervas mwenyewe hakuwahi kusema lolote kuhusu mpaka ule. Alikuwa amenyamaza miaka yote, na kunyamaza kwake kulikuwa kumewatosha wapwa.

Niliikunja kompyuta, nikailaza juu ya jiwe. Neema akafungua mwavuli juu yake. Watu wakainama, na nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia juu ya ramani ya karatasi. "Ee, ile si nyumba ya Agata? Na ule si mgude?" Hakuna aliyeishika juu chini.

Nikawaeleza utaratibu. Kila upande utachora peke yake, kwa rangi yake, na mstari wa aliyetangulia utafichwa kabla wa pili hajaanza. Mwishoni tutaionyesha yote pamoja. Mwenyekiti akasema, "Sawa, mpe kwanza Mzee Gervas." Mikono ya wanaume ikanyooshwa. Nikapita katikati yao nikamwendea Bibi Felista, nikampa kalamu kwa mikono miwili.

"Safari hii, mama, mwenye shamba nimemjua."

Aliipokea. "Ulichelewa, baba," akasema, "lakini umefika."

Alikaa chini, akalaza kiganja kwenye skrini, akaanza kwenye jiwe la juu. Alichora polepole, akishuka na kijito, na kila mahali pa sale alisimama akaweka nukta. Alikuwa anayataja kwa sauti ndogo, hili alipanda mama, hili alipanda bibi, hili lilikufa tukapanda jingine. Palipong'olewa yale manne aliweka nukta nne pia. Mzee Kondo angempenda. Hakuwa na haraka hata kidogo. Alipomaliza, Neema akauficha mstari wake mwekundu.

Mzee Gervas akapokea kalamu. Mpwa mmoja akasema, "Mjomba, ni mstari tu, kutoka jiwe mpaka mgude. Nyoosha." Gervas akaweka kalamu kwenye jiwe, akaanza kunyoosha. Kwenye karatasi angemaliza. Lakini hii ilikuwa picha, na kalamu ilipofika kwenye kichaka cha migomba alisimama. Alikaa hivyo mpaka nikadhani kalamu imekataa.

"Migomba hii," akasema, "nilimwona mama yake Felista akiipanda. Nilimshikia miche."

"Mjomba!"

"Nyamaza. Nimekaa kimya mkadhani nimekubali. Nilikuwa naogopa kelele zenu nyumbani. Sasa hapa nimeshika kalamu mwenyewe, mnataka nikate migomba ya mama wa watu kwa mkono wangu?"

Akarudisha kalamu kwenye jiwe, akafuta alichoanza, akashuka na kijito.

Neema aliiwasha mistari yote miwili. Mwekundu wa Felista na wa bluu wa Gervas ilishuka pamoja kama watu wawili wanaokwenda kisimani, hapa imeachana kidogo, pale imelaliana. Watu hawakungoja mimi niseme. Binti mmoja wa Felista alipiga kigelegele, kikajibiwa kutoka ng'ambo ya bonde na watu ambao hawakujua kimetokea nini. Mwenyekiti akatoa daftari la muhtasari, wakatia sahihi na dole gumba, Gervas wa kwanza. Wapwa walitia wa mwisho, lakini walitia.

Mimi nilidhani kazi imekwisha. Bibi Felista akainama tena kwenye skrini.

"Na huu mweusi wa nani?"

"Wangu, mama."

Akaichukua kalamu, akanipa. "Ulichora wewe. Futa wewe."

Niliigeuza upande wa kifutio. Nilianzia kwenye jiwe, nikashuka, nao ukayeyuka kidogo kidogo mpaka kwenye mgude. Halafu, bila kufikiri, nikaiinua kompyuta nzima kuelekea angani na kuitazama.

"Mzee, unatafuta nini?" Neema akauliza.

"Doa."

"Hii haiachi doa, Mzee."

Niliendelea kutazama hata hivyo, machozi yakinitoka, na sikuona haya. Bibi Felista alinishika kiwiko akasema twende tukale, mihogo inapoa.

Hati zilitoka kabla sijaondoka. Ya Bibi Felista ina jina lake, na binti zake wameandikwa chini, na chemchemi imo ndani. Masale manne mapya yamepandwa, na Gervas alishika miche kama zamani. Siku yangu ya mwisho kazini nilikwenda kwenye kabati la ramani za zamani, nikaitoa ile karatasi, nikaipiga muhuri wa kubatilisha, na chini yake nikaandika jina langu lote kwa wino, bila haraka. Ndiyo sahihi yangu ya mwisho serikalini, na ndiyo niliyoitia kwa furaha kuliko zote.